Maji Yaliyotuama Nyuma ya Tanuri

Kijiwe chetu ni benchi la mbao na tairi za lori zilizolazwa chini, nje ya banda langu la kutengenezea baiskeli. Ndiyo maana hapa naitwa Spoku. Kushoto kwangu yuko fundi nguo tunayemwita Nyuzi, na mbele yetu Mama Kahawa anaweka jiko lake la mkaa na birika. Kila alasiri anakuja Redio, mzee aliyestaafu kazi ya kusoma mita za maji. Huyo ukishamwasha hana kitufe cha kumzima. Wa mwisho ni Bondia, mfyatua matofali. Hajawahi kupanda ulingoni hata siku moja, ila ana mabega na ana hasira. Siku za kawaida tunabishana mpira, tunabishana siasa, tunabishana nani alimwacha nani. Msimu ule tulikuwa na jambo moja tu, na tulilisema huku tukijishika shingo kuona kama ni ya moto. Homa ilikuwa imeingia safu yetu ya nyumba. Ilianza kwa mwoka mikate, ikamchukua binti yake wa darasa la pili. Macho yetu hayajakauka, ikaingia nyumba ya jirani yake, ikamchukua mlinzi wa ghala, mtu mzima mwenye kifua kama mlango. Asubuhi alilalamika baridi. Kesho yake tukawa tunatafuta majembe.

— Leo mmelalaje? aliuliza Mama Kahawa siku hiyo ninayoisimulia, na hakuna aliyeichukulia kama salamu.

— Mimi nimelala macho wazi, alisema Nyuzi. Nimemsikia. Yuko nje ya chandarua ananiimbia. Halafu ghafla akaacha kuimba. Jamani, afadhali aimbe. Akinyamaza ndipo namwogopa.

— Ametua huyo, nikamwambia.

— Ametua wapi sasa? Nimewasha tochi, simwoni. Nimejizaba kofi mpaka mke wangu akauliza kama nimerukwa na akili.

Tukacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Juu ya cherehani ya Nyuzi kulikuwa na sare ya shule, sketi ndogo na shati, imebaki kutiwa vifungo tu. Ilikuwa ya yule binti wa mwoka mikate. Hakuna aliyekuja kuichukua, na Nyuzi hakuwa na moyo wa kuiondoa. Sote tulijifunza kukaa tukiipa mgongo.

Redio akavuta kikombe chake.

— Mimi nimelitafakari jambo hili. Nyumba ya kwanza, mwoka mikate. Ya pili, mlinzi. Zimeshikana ukuta kwa ukuta. Huyu mbu ni mmoja, nawaambia. Anafuata safu kama mimi nilivyokuwa nafuata mita. Haruki mlango wa mtu.

— Mzee, mbu gani anaishi muda wote huo?

— Kwani wewe Spoku umemwuliza umri?

— Haya, akasema Nyuzi taratibu. Na nyumba ya tatu ni ya nani?

Nyumba ya tatu ni ya Bondia. Ya nne ni yangu. Nikajikuta nashukuru kwamba mimi ni wa nne, halafu nikaogopa ile shukrani yenyewe.

Nyuma ya nyumba zetu kuna uwanja ambao Bondia na wenzake wamechimba udongo wa matofali miaka nenda miaka rudi. Wanachimba shimo, udongo mzuri ukiisha wanahamia pembeni wanachimba lingine. Katikati ya mashimo ndipo lilipo tanuri la kuchomea. Mvua zikinyesha, mashimo yote yanajaa, na maji yanatuama pale yakiwa safi kabisa, yanapigwa na jua, unaona mpaka chini. Ukiyatazama kwa mbali ni mazuri. Ukiinama unaona yanatikisika: viluwiluwi, vimening'inia chini ya uso wa maji, vinajikunja na kujikunjua.

Bondia mwenyewe akatokea akiwa na matope mpaka magotini. Mama Kahawa akamjazia kikombe kabla hajaomba.

— Leo anakuja yule wako, nikamwambia.

— Nani wangu?

— Dada Upawa.

Bondia akatema mate pembeni.

Dada Upawa ni binti mmoja wa idara ya afya. Tulimpa jina hilo kwa sababu alizoea kuzunguka kwenye mashimo na upawa mweupe wenye mpini mrefu. Anachota maji, anachungulia, kisha anayamimina kwenye chupa. Wiki chache nyuma alikaa kwenye benchi letu hilihili, akanywa kahawa yetu, akasema maneno yake bila kujipandisha mabega. “Nyumba zimepuliziwa dawa, na vyandarua mnavyo,” alisema. “Lakini mbu anazaliwa hapo nyuma, anakula hapa mbele, na katikati mnaishi nyinyi. Tukipambana na mbu peke yake atatuchosha. Inabidi tutazame maji, udongo, kazi zenu, na saa mnazokaa nje, vyote kwa pamoja.” Akaeleza kwamba mashimo makubwa yatiwe samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Madogo yachimbiwe mfereji, maji yashuke korongoni. Majani ya ukingoni yakatwe, maana samaki hawafiki ndani ya majani. Shimo jipya lisichimbwe mpaka la zamani limepata mwenye kulitunza. Na sisi wenyewe tugawane, kila nyumba na shimo lake. Sote tuliitikia kwa vichwa. Alipoondoka tukaanza kazi yetu ya kumsema, na hadi siku hii tulikuwa hatujaimaliza.

— Hebu niambieni, alisema Redio. Zile chupa zake mmeziona vifuniko? Vina matundu. Matundu ya kupumulia! Mtu anayetaka kuwaua mbu anawatobolea dirisha?

— Labda anawasoma, akasema Mama Kahawa.

— Anawasoma nini, wana herufi?

— Mimi chupa hazinisumbui, alidakia Nyuzi. Mimi nawaza samaki. Samaki anakula kiluwiluwi. Kiluwiluwi kina homa ndani yake. Sasa ile homa inakwenda wapi?

— Inaingia kwa samaki, akajibu Redio.

— Ndiyo hapo! Samaki anaumwa. Paka anamla samaki.

— Na paka analala na nani? Redio alishusha sauti. Na watoto.

Mama Kahawa akajivuta mtandio mabegani. Najua ni porojo, hata wakati ule nilijua, lakini nikamkumbuka paka wetu anavyojikunja miguuni kwa mwanangu, na mwili ukanisisimka.

— Nyinyi hamjui kitu, alisema Bondia. Paka! Mimi nawaambia samaki ni chambo. Kwanza wanaleta samaki. Kisha wanakuja watu wa kuangalia samaki. Kisha kibao: marufuku kuchimba. Kisha mimi ninafyatua matofali wapi? Kwenye kiganja?

— Lakini Bondia, watu wawili wamekufa, nikasema.

— Nimewaua mimi?

Hakuna aliyesema hivyo. Lakini hakuna aliyesema hapana pia, na alilisikia hilo.

Nikageuza mazungumzo, nikamwuliza habari za nyumbani.

— Shemeji anaendeleaje? Sijamwona na ndoo zake.

— Kichwa tu. Amelala.

Mama Kahawa akaacha kupepea jiko.

— Kichwa tangu lini?

— Tangu juzi. Mama, ana mimba kubwa, na jua lenyewe hili. Nani asingeumwa kichwa?

— Mmempima?

— Nani anapima kichwa?

— Mwanangu, mmempima homa?

Bondia aligeuza kikombe chake mikononi. Mtu mzima yule, mabega yote yale, na sauti ikamtoka nyembamba.

— Usilitaje hilo neno, Mama. Ukilitaja linasikia.

Hapo ndipo Dada Upawa akafika akisukuma baiskeli, ndoo yenye kifuniko imefungwa nyuma kwa mipira. Akatusalimia mmoja mmoja, akamwamkia Redio kwa heshima, akafungua ndoo tuone. Walikuwa samaki wadogo kama kidole, weusiweusi, wanazunguka.

— Shikamoo haitoshi, akasema Redio. Kwanza tueleze matundu.

— Matundu gani, mzee wangu?

— Ya chupa.

— Ah! Nawalea mpaka wawe mbu kamili, nijue ni aina ipi. Si kila mbu analeta malaria. Waliotoka huku nyuma, wengi ndio wenyewe.

— Umesikia? Redio alitugeukia. Anawalea. Amesema kwa mdomo wake.

— Mzee, nawalea ndani ya chupa.

— Chupa haivunjiki?

Binti alitaka kucheka, akaona nyuso zetu, akaacha. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba hatukuwa tunafanya mzaha. Tulikuwa tunaogopa, na mtu anayeogopa haelewani na matundu.

— Kaka, akamwambia Bondia, naomba tuanze na shimo lile kubwa la karibu na nyumba yako. Wewe ndiye unayeyajua maji haya kuliko mimi.

— Hakuna samaki anaingia kwangu.

— Si lazima leo ukubali yote. Jaribu moja.

— Nimesema hakuna!

— Kaka, hapa nyuma ya dirisha lako nilichota mara moja tu, upawa ukajaa...

Bondia akapiga teke. Sijui kama alikusudia ndoo au alikusudia maneno. Ndoo ilianguka na baiskeli yake, maji yakatawanyika, na wale samaki wakabaki wanarukaruka kwenye vumbi. Binti alipiga magoti akaanza kuwaokota kwa mikono miwili. Mama Kahawa alinyanyua dumu la maji yake ya kahawa, akayamimina yote kwenye ndoo, huku akimwambia Bondia maneno ambayo mama hamwambii mtoto wa mwenzake. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Nyuzi alikuwa amesimama. Redio alikuwa amesimama.

Kisha tukasikia ndara zinapiga mbio kichochoroni. Ni mdogo wake Bondia, wa kike, anayeishi nao.

— Kaka! Kaka, njoo! Wifi anaongea na watu hawapo!

— Watu gani?

— Sijui! Anawaambia wafunge mlango!

Bondia alikimbia, sisi nyuma yake. Tulimkuta shemeji sakafuni, ameanguka kutoka kitandani na chandarua kimemzonga. Mwili ulikuwa unatetemeka mpaka meno yanagongana. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanatuona. Halafu ule mtetemo ukabadilika, akakakamaa mzima, mgongo ukajipinda.

— Anakufa, alisema Nyuzi mlangoni. Jamani, anakufa.

— Mlazeni ubavu wa kushoto! Ilikuwa sauti ya Dada Upawa. Sikujua hata kama alikuwa ametufuata. Ubavu wa kushoto, kwa ajili ya mtoto. Msimtie kitu mdomoni. Kuna gari?

Gari hakuna. Kilichokuwepo ni mkokoteni wa matofali. Tukatupa matofali, tukatandika godoro, tukamweka. Bondia alishika mpini mbele, mimi na Nyuzi tukasukuma, na Dada Upawa akapanda, akapakata kichwa cha mgonjwa huku amebana simu begani, anawaambia hospitali wafungue geti na waandae dripu. Barabara ile ina mabonde. Kila gurudumu lilipogonga, nilimsikia Bondia anaguna kana kwamba linagonga mbavu zake. Watu walitupisha kimya. Mwanamke mmoja alituona akamvuta mtoto wake ndani na kufunga mlango, jua bado linawaka.

Hospitali walimpokea wakakimbia naye. Wakachukua damu, wakaning'iniza dripu, wakatufungia mlango. Tukakaa kwenye korido, kwenye kiti kirefu cha chuma. Muuguzi akatoka akasema ni malaria kali, imeshapanda kichwani, wanafanya wanaloweza, na kuhusu mtoto aliye tumboni hawezi kutuambia kitu bado.

Bondia alikuwa anatazama matope ya magoti yake yanavyokauka na kupasuka.

— Nilijua, Spoku, akasema. Usiku wa jana alikuwa wa moto. Nikamwekea kitambaa cha maji, nikajiambia ni jua.

— Si wewe tu. Sote tunajiambia.

— Chandarua tunacho. Kizima, hakina hata tundu. Lakini nikichoma tanuri, jioni ananiletea chakula kule. Anakaa na mimi mpaka moto ukolee. Tunakaa ukingoni mwa lile shimo kubwa, miguu inaning'inia. Hapo ndipo tunapoongea, maana mchana nachoka. Mwezi mzima huu amenisimulia majina ya mtoto pale.

Alibandua kipande cha tope gotini.

— Nilikuwa namwona anajikuna, akasema.

Dada Upawa alikuwa amesimama mwisho wa korido, gauni lake limelowa matapishi. Bondia alimtazama, akainuka nusu, akakaa tena. Binti akaja akamgusa bega, akasema anakwenda kunawa. Sikumwona tena siku ile. Niliporudi kufunga banda langu nilikuta ndoo iko palepale. Samaki wachache waliookolewa walikuwa wameelea, maji ya dumu hayakuwatosha, na kwenye vumbi sisimizi walikuwa wameshafika.

Kesho yake hakuna aliyekuja na nadharia. Nyuzi alishona bila kuimba. Redio alikaa na kikombe hadi kikapoa, na kila akisikia mlio karibu na sikio alishtuka kama mtu aliyeitwa.

— Mzee, mbona kimya? aliuliza Mama Kahawa.

— Nasikiliza.

— Nini?

— Nyumba ya nne, akasema, akanitazama, kisha akajuta kunitazama.

Nilikuwa nimeshampima mwanangu asubuhi. Nilikuwa nimempima tena mchana. Nilitaka kwenda kumpima tena.

Alasiri Bondia akatokea, hajalala, macho mekundu. Sote tukasimama.

— Amefumbua macho, akasema. Ameniita jina langu. Ameomba uji.

— Na mtoto? Mama Kahawa aliuliza kwa sauti ya chini.

— Muuguzi anausikia moyo. Halafu anaupoteza. Halafu anausikia. Daktari anasema tusubiri.

Alisema hivyo, akaingia uani kwake, akatoka na jembe.

— Nayafukia, akasema. Yote. Leo.

Hakuna aliyebisha. Ajabu ni kwamba hakuna hata aliyeuliza. Nyuzi alichukua sepetu ya jirani, mimi nikachukua toroli, na Redio, ambaye kwa miaka yote niliyomjua hajanyanyua kitu kizito kuliko kikombe, akaomba beleshi. Tulikwenda nyuma ya tanuri kama watu wanaofukuzwa. Bondia alianza pembeni ya lile shimo kubwa. Alichimba kwa nguvu za kutisha, sisi tunajaza toroli, tunakimbia, tunamwaga kwenye maji, tunarudi. Kila tope lilipotumbukia, mbu walinyanyuka kwenye majani kama moshi mwembamba na tukawapunga kwa mikono na kuendelea. Mlio wa jembe tu. Jua lilikuwa linashuka na sote tulijua saa hiyo ni saa ya nani.

Shimo kubwa lilianza kujaa kwenye kona moja. Nyuzi akapiga kelele ya furaha, ya kwanza tangu msimu uanze.

— Linajaa! Bondia, linajaa!

— Chimbeni! Bondia alijibu, naye sasa alikuwa amezama mpaka kiunoni pale alipokuwa akichimba, anarusha udongo juu bila kututazama.

Hapo akaja mwanamke wa makamo amebeba begi la safari, mdogo wake Bondia akimwongoza. Alikuwa mama mkwe wake, amesafiri tangu alfajiri, amepitia hospitali kumwona binti yake, na sasa alikuwa ameletwa aione nyumba. Bondia aliacha jembe, akamwamkia kutoka kule chini. Mama akaitikia. Alitutazama tulivyolowa jasho, akatazama mashimo yaliyojipanga mpaka mwisho wa uwanja, maji yakimeremeta.

— Mnafanya nini, wanangu?

— Tunafukia mashimo, mama, akajibu Redio akihema. Ndiyo yanayozaa homa. Tukimaliza hili tunahamia lile, na lile, mpaka yaishe.

— Mungu awape nguvu, akasema. Akasogea ukingoni taratibu, akamchungulia mkwe wake pale alipokuwa amesimama. — Na udongo mnautoa wapi?

Redio aliteremsha beleshi. Nyuzi akanitazama mimi, mimi nikamtazama Bondia. Bondia alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama miguu yake. Kati ya vidole, kutoka chini, maji yalikuwa yameanza kuingia.